Hodi Katika Nchi ya Milima: Desturi za Mlango, Ua na Ujirani Katika Kasese na Bwera

Mtu atokaye Fort Portal kwenda Kasese, na kutoka Kasese akaendelea mpaka Bwera na Mpondwe penye mpaka wa Kongo, huvuka mito ya Mubuku, Nyamwamba na Nyamugasani, na milima ya Rwenzori huwa mkono wake wa kuume muda wote. Safari hiyo haimalizi siku. Walakini katika siku hiyo moja ataamkiwa kwa namna nyingi zisizofanana. Mtoro, kabla ya kumjulia hali, atataka kwanza kujua jina lake la heshima liitwalo empaako. Mkonzo atamwambia wabukire ikiwa ni asubuhi. Mwanamke wa Kiganda aliyelelewa kwa desturi ya zamani atapiga magoti. Mwislamu mwenziwe atamtolea salamu, na mchuuzi aliyevuka kutoka Kasindi atamwamkia kwa Kiswahili cha Kongo. Kila mmoja wao anafanya jambo lile lile: anapima ni umbali gani uwe kati yake na huyu aliyemkuta.

Umbali huo ndio habari ya kurasa hizi. Kila kabila lina kipimo chake cha mahali pa kusimama, cha kutazama, cha kuuliza na cha kuingia. Vipimo hivyo havikuandikwa ukutani, bali mtu huvipata kwa kulelewa, hata akadhani kwamba ndivyo Mwenyezi Mungu alivyowaumba watu wote. Kwa sababu hiyo, anayekosea kipimo cha jirani yake hahesabiwi kuwa mgeni, huhesabiwa kuwa hana adabu. Waislamu wa Kasese na Bwera, ambao ni mchanganyiko wa makabila mengi, wamekaa katika jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi wa majirani zao.

Yafaa kuanza na nyumba ya Waswahili, maana ndiyo iliyoleta neno hodi. Nyumba ya pwani ilijengwa kwa daraja. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu mtu hupita kwanza daka, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, ndipo afikie misana na ndani. Na kila hatua huwaacha nyuma watu wasio na haki ya kuipita. Nyumba ya udongo ya mtu wa kawaida haikuwa na fahari hiyo, lakini ilishika mpango ule ule. Mbele palikuwa na baraza ya kukalia wageni, katikati ukumbi wenye vyumba pande zote mbili, na nyuma ua wenye jiko, choo na kazi za wanawake. Mgeni wa kiume aliweza kuzungumza barazani tangu alasiri hata magharibi, akanywa kahawa na kumaliza shauri lake, asijue rangi ya pazia la ndani. Wala hakuna aliyemwona mwenye nyumba kuwa mchoyo kwa kumweka nje. Nyumba ya namna hiyo ilisafiri na misafara ya karne ya 19 hadi Tabora na Ujiji, na katika miaka ya 1920 ilikuwa imesimama Pumwani, Nairobi. Neno hodi lilisafiri mbali zaidi kuliko nyumba yenyewe. Waganda walilipokea wakalitamka koodi, na lingali linasikika milangoni mwao.

(Hili neno baraza limepata bahati yake peke yake. Kiti cha udongo kilichowekwa mbele ya nyumba ili watu wasiingie ndani kiliwapendeza maofisa wa Kiingereza, nao wakakiita baraza kila mkutano wa Bwana D.C. na raia, hata leo serikali za Afrika Mashariki zina Baraza la Mawaziri.)

Uislamu ulifika katika jumba la Kabaka Suna mwaka 1844. Katika nchi hizi za chini ya Rwenzori njia zake zilikuwa nyingine pia. Katwe, penye ziwa la chumvi, palikuwa soko tangu zamani, H. M. Stanley alipopita mwaka 1889 aliikuta chumvi ikitafutwa na watu wa mbali. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome karibu na Katwe, akaiita Fort George. Kisha akaenda mpaka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, pamoja na wake, watoto na watumishi wao waliohesabiwa kwa maelfu, akawaweka katika ngome za Toro. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu, na kizazi chao ndicho kilichoitwa Wanubi. Hivyo Uislamu ulionekana hapa mara ya kwanza ukiwa umezungukwa na boma la kijeshi, na hapana shaka hilo halikuwasaidia wenyeji kuuelewa ua wa Mwislamu. Aliyeona boma la askari na ua wa mke wa askari aliweza kudhani kwamba vyote viwili vimejengwa kwa ajili ya vita.

Mkonzo wa mlimani hakuwa na haja ya ua. Nyumba zake zilitawanyika juu ya matuta ya milima, kila mji na shamba lake, na kati ya mji na mji pana bonde. Mgeni apandaye huonekana tangu yuko chini. Mbwa humbwekea, watoto humtangaza, na mpaka afike penye kiwanja habari yake imekwisha kufika. Bonde lenyewe lilifanya kazi ya mlango. Lakini huyo mgeni akiisha kufika, hapana baraza ya kumzuia: hukaribishwa motoni. Wakonzo wana mahali paitwapo ekyaghanda, penye moto, ambapo wazee huketi na kukata mashauri ya ukoo, na vijana hufundishwa. Anayeketishwa hapo amekwisha kuingizwa ndani, hata kama kuna nyota juu ya kichwa chake.

Basi yatazameni mambo haya mawili yakikutana. Mkonzo anakwenda kwa Mswahili, anawekwa barazani, anapewa kahawa na maneno mazuri, na mlango unabaki umefungwa nyuma ya mgongo wa mwenyeji. Anarudi kwao akisema, yule bwana ni mwenye kiburi. Mswahili naye anakwenda mlimani, anaita hodi mara tatu mbele ya watu waliokwisha kumwona zamani, nao wanamshangaa kama mtu apigaye kelele mbele ya mlango uliowazi. Kila mmoja alileta heshima yake, na heshima hiyo ikapokewa kama tusi.

Katika majina tofauti ilikuwa kubwa vile vile. Mtoto wa Kikonzo huitwa kwa nafasi yake ya kuzaliwa: Bwambale ni mtoto wa kiume wa pili, Masereka ni wa tatu, na Muhindo ni yule aliyezaliwa baada ya mfululizo wa watoto wa jinsia nyingine. Hivyo anayesikia jina hupata papo hapo habari za nyumba ambazo mtu wa pwani asingezitoa ila kwa rafiki. Wako Waswahili wengi wasiopenda kuhesabiwa watoto wao na mgeni, kwa kuogopa kijicho. Kwa Watoro na jamaa zao jambo limekwenda njia ya tatu. Empaako, kama Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwooli na mengineyo, ni majina machache yanayogawanywa kwa watu wote. Hivyo mtu hupewa neno la upendo la kumwita mgeni bila kujua lolote la siri yake. UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2013. Ni werevu mkubwa, na labda makabila mengine yangeweza kujifunza hapo: ukaribu wa ulimi bila kuingia chumbani.

Sasa, sheria ya Kiislamu imesema nini? Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na zinazofuata, waumini wanakatazwa kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe; na wakiambiwa warudi, na warudi. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaingia ndani zaidi, inawataka hata watumishi na watoto wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Katika hadithi imepokewa kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na kwamba ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Abu Musa al-Ash'ari alikwenda kwa Sayyidna Umar, akaomba ruhusa mara tatu, asijibiwe, akaenda zake. Umar alipomwuliza sababu ya kuondoka akamtajia agizo la Mtume (S.A.W.), Umar akataka shahidi, na Abu Said al-Khudri akashuhudia.

Msomaji atambue kwamba katika mafundisho hayo hakuna ukuta uliotajwa, wala umbo la nyumba, wala kabila. Kinacholindwa ni jicho na sikio. Mswahili alipodhani kwamba Mkonzo asiye na ua hana sitara, alichanganya ujenzi wa babu zake na agizo la dini. Na Mkonzo aliyesilimu akadhani kwamba hana budi kuzungushia mabua nyumba yake ndipo awe Mwislamu, naye alichanganya vile vile. Maneno mawili ya Kiswahili yanasaidia hapa. Faragha ni hali ya kuwa peke yako. Sitara ni hali ya kusitiriwa aibu yako, hata ukiwa kati ya watu mia. Mtu wa mlimani alikuwa na faragha kwa sababu ya mabonde, na sitara kwa sababu ya adabu ya majirani. Akiteremka Kasese mjini huyaacha mabonde nyuma.

Jambo lililo gumu kuliko yote lilikuwa ndani ya ukoo wenyewe. Kwa Waganda, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawali pamoja, wala hawaketi pamoja. Na avunjaye mwiko huo aliogopewa kupatwa na maradhi ya kutetemeka yaitwayo obuko. Miiko ya namna hiyo, kwa ukali wa kadiri mbalimbali, iko katika makabila mengi ya nchi za Maziwa. Upande wa pili, shemeji ni mtani: hucheka naye, humtania, na mara nyingi huingia na kutoka bila hodi. Sheria ya Kiislamu inageuza vyote viwili. Mama mkwe ni maharimu, ameharimishwa kuolewa na mkwewe milele, na kwa hiyo inajuzu kukaa naye na kumpa mkono. Shemeji si maharimu, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa habari za ndugu wa mume kuingia kwa mke wa nduguye, onyo alilolitoa lilikuwa kali mno. Basi kijana aliyesilimu aliambiwa, kwa neno moja, kwamba yule aliyemkimbia maisha yake yote hakuwa na haja ya kumkimbia, na yule aliyemzoea tangu utoto ndiye wa kujihadhari naye.

Ni rahisi kuona machungu yaliyotokea humo. Mama mkwe asiyekuwa Mwislamu, akiona mkwewe anamnyoshea mkono, alidhani amedharauliwa mbele ya watu. Shemeji aliyezuiwa mlangoni aliona kwamba ndugu yake amemtenga kwa ajili ya dini ya watu. Lakini ukiyapima mambo, mizani hazilingani. Sheria imemruhusu mtu kukaa na mama mkwe, haikumlazimisha. Anayeendelea kumwamkia kwa mbali kwa kumstahi hana dhambi. Kwa shemeji hakuna nafasi kama hiyo. Aliyeshika upesi ruhusa ya kwanza na kupuuza katazo la pili alichukua nusu iliyo nyepesi, na akawaudhi jamaa zake pasipo haja.

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, zaidi ya kilomita 300, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilichimbwa mlimani, ikapelekwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi. Wakakaa katika nyumba za kampuni zilizopangwa safu katika bonde la Nyamwamba, ukuta wa huyu ukiwa karibu na ukuta wa yule. Hapakuwa na bonde la kumtangaza mgeni, wala ua, wala baraza. Tena kazi ya mgodi ina zamu. Wako waliolala wakati jua limetoka. Zile nyakati tatu za Sura An-Nur zilikuwa zimewekwa kwa watu walalao usiku, ila maana yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili: saa ya mtu kuvua nguo zake ndiyo saa yake ya kusitiriwa, hata ikiwa saa tatu ya asubuhi. Katika nyumba za namna hiyo hodi ilikuwa na kazi nzito kuliko ilivyopata kuwa nayo pwani, maana ndiyo peke yake iliyobaki kati ya jirani na jirani.

Baadaye Kiswahili chenyewe kiliharibiwa sifa. Katika miaka ya 1970 Waganda na wengine wengi katika Uganda walikisikia zaidi kinywani mwa askari, kikiamuru. Mtu aliyegongewa mlango usiku na kuamriwa kwa Kiswahili afungue hakuweza tena kulisikia neno la lugha hiyo kama neno la adabu. Huku mpakani mambo yalikuwa na nafuu, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya soko na ya jamaa wa ng'ambo. Mkataba wa mwaka 1910 uliwagawa watu wamoja, Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo, nao hawakuacha kuzikana na kuoana.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Warren na Brandeis, walitetea haki ya mtu kuachwa peke yake, wakiudhika na magazeti na picha. Mwaka 1966 Mmarekani Edward T. Hall alipima umbali wa watu wa kwao: hadi sentimita 45 ni wa wapenzi na jamaa wa ndani, hadi mita 1.2 ni wa marafiki, na hadi mita 3.6 ni wa shughuli na watu wasiojuana. Vipimo vyake vina faida, lakini vinamhesabu mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu amezungukwa na ua wake binafsi anaotembea nao. Hapa kwetu kinacholindwa mara nyingi ni nyumba. Hata Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 27, imetaja mwili wa mtu pamoja na nyumba yake na mali yake. Na msikitini kipimo cha Hall hakina kazi kabisa: Mtoro, Mkonzo, Mnubi na Mganda husimama bega kwa bega na watu ambao pengine hawajui majina yao.

Ndiyo maana pigo la mwaka 2019 liliumiza. Tarehe 11 Juni serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Kasese. Mtoto wa miaka 5 alikuwa amevuka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake, waliokwenda kumwuguza babu yao aliyefariki huko. Alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akatengwa Bwera, akafa. Baada yake wakafa mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao. Familia hiyo ilikuwa imefanya jambo lisilo na lawama kwa desturi yoyote ya nchi hii: kwenda kwa mgonjwa, kumgusa, kumzika. Watu wakaagizwa wasipeane mikono, mikusanyiko na siku za soko zikasimamishwa kwa muda, na wavukao Mpondwe wakapimwa joto na kunawishwa. Kwa Waislamu swali zito lilikuwa la maiti. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuandika mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, taratibu za mazishi zilizomruhusu maiti Mwislamu atayamamiwe bila kuoshwa, kazi hiyo ifanywe na wenye mavazi ya kinga. Fiqhi ina nafasi ya dharura kama hiyo tangu zamani.

Hazikupita miezi mingi ukaja ugonjwa wa korona. Machi 2020 misikiti na makanisa ya Uganda yalifungwa. Yalipofunguliwa Septemba, watu 70 tu waliruhusiwa, na baina ya mtu na mtu paachwe nafasi. Safu iliyofundishwa kuziba kila mwanya ikafundishwa kuacha mwanya. Yalifungwa tena Juni 2021 hadi Septemba. Hata Makka alama za kuwatenganisha wanaosali hazikuondolewa ila Oktoba mwaka huo.

Katikati ya hayo, Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba za bonde la Kilembe pamoja na majengo ya hospitali, kama ulivyofanya Mei 2013. Maelfu walihama, na wako waliokaa miaka kadhaa katika mahema huko Muhokya, kando ya barabara iendayo Bwera. Hema halina ubao wa kugongwa wala dirisha la kufungwa. Sauti ya wa ndani husikika nje, na taa ikiwashwa usiku kivuli cha mtu huonekana kwenye turubai. Familia zilizokuwa zimetengana kwa ukuta wa kampuni, na kabla ya hapo kwa bonde zima, zililala pamoja na wazee, wakwe na mashemeji umbali wa mikono michache. Wageni waliofika hapo walikuwa wengi, wakiwamo waliochukua chakula, blanketi na sadaka, na baadhi yao walichukua kamera. Aya ya 27 inataja nyumba zisizo zenu. Haikusema kwamba ziwe na mlango, wala haikumtoa katika hukumu yake yule aliyekuja na mfuko wa unga mkononi.